Kitabu changu kimegeuzwa filamu, Jumamosi nashikishwa maiki. Niseme nini?

Binti Mikindani (mleta mada), Jumanne, saa 3 usiku

Wakuu, salaam kutoka Mikindani.

Nina jambo limeninyima usingizi, leo siku ya pili. Mume wangu kachoka kunisikiliza, kasema peleka huko jukwaani kwenu. Nimelileta.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari. Kuna riwaya niliiandika, ya majini na maajabu, kurasa mia na ushee. Inamhusu msichana anaitwa Somoe, anakaa hapa hapa kwenye ghuba, na chunusi anayeishi chini ya maji kule mikokoni. Somoe anaweza kumwita yule chunusi akamsaidia. Ila kila akimwita, anasahau jina moja. Linaanza kupotea jina la mbuzi wao. Linafuata la jirani, linafuata la kaka yake. Mwisho anaita ili mashua zilizopotea zirudi, zinarudi kweli, watu wanashangilia ufukweni, yeye anageuka anamwona mama yake kasimama mlangoni na hajui amwiteje. Kinaishia hapo. Nilichapisha nakala 300 kwa pesa yangu, nikauza mkononi, zilizobaki mchwa wamejihudumia.

Mwaka huu kijana mmoja niliyemfundisha kidato cha pili alinijia, anataka kukifanya filamu. Nikamwambia chukua. Akanirushia laki tatu kwenye simu, tukashukuriana, hatukuandikiana kitu. Wakapiga mwezi wa saba, na juzi kanitumia kazi yote kwa WhatsApp. Dakika 70. Nimeiangalia jikoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi. Maharage yakaungua.

Wakuu, chunusi anaonekana! Kwenye kitabu hakuna aliyemwona toka ukurasa wa kwanza. Kuna nyayo za maji sakafuni na harufu ya tope la mikoko, basi. Kwenye filamu ni jitu refu la wigi, lenzi nyekundu machoni, moshi unatokea nyuma, na linacheka hahaha. Halafu yale majina hayapo. Somoe anaita mara tatu, anapewa mara tatu, kama anaagiza soda.

Jumamosi inazinduliwa Mtwara mjini kwenye banda la video. Wamechagua wakati huu kwa kuwa pesa za korosho zimeanza kuingia na watu wana vijisenti. Nitaitwa mbele niseme ninavyoiona. Mwandishi anaipimaje filamu iliyotoka kwenye kitabu chake mwenyewe? Sitaki kumvunja moyo kijana, na sitaki kusema uongo mbele ya wanafunzi wangu.

Kuti Kavu, Jumanne, saa 3 usiku

Mwalimu, mimi huyo chunusi wa hahaha ndiye ananileta. Kiingilio bei gani?

Msomaji wa Ndanda, Jumanne, saa 5 usiku

Pole na maharage, Mwalimu.

Kilichokupata jikoni kilimpata Tolkien, yule mwandishi Mwingereza, mwaka 1958, na yeye hata picha alikuwa hajaona, makaratasi tu. Wamarekani walitaka kuifanya filamu ile hadithi yake ndefu ya pete, wakamtumia muhtasari. Akakaa akajibu kipengele kwa kipengele, kwa kalamu ya mwalimu aliyechoshwa na insha. Kuna wale wapanda farasi weusi wanaomwinda mwenye pete. Kwenye muhtasari walikuwa wanapiga mayowe. Tolkien akawaandikia kuwa hawa hawapigi mayowe, wananyamaza, na ukimya wao unatisha zaidi. Sasa urudie kusoma ulichoandika juu ya hahaha.

Kitu ninachokipenda kwenye barua ile ni kwamba hakulalamikia mabadiliko kama mabadiliko. Kupunguza alishakubali, alijua kitabu kile hakiingii chote. Alisema filamu mbovu mara nyingi huharibika kwa kutia chumvi na kuchomeka yasiyohusika, kwa sababu aliyeitengeneza hakuona kiini cha kisa kiko wapi. Filamu hiyo haikupigwa. Haki aliziuza mwaka 1969, akafariki 1973, na zile ambazo sote tumeziona zilitoka 2001 hadi 2003. Ya tatu ilibeba Oscar 11. Mwanawe Christopher, aliyetumia maisha yake kuhariri maandishi ya baba, hazikumlainisha: mwaka 2012 aliliambia gazeti moja la Ufaransa kuwa kitabu kimechinjwa kikawa sinema ya mapigano ya vijana.

Wengine walikuwepo wakashuhudia wenyewe. P. L. Travers, mama aliyeviandika vitabu vya Mary Poppins, aliiona filamu yake kwenye uzinduzi mwaka 1964 akalia, na hakulia kwa furaha. Wale pengwini wa kuchorwa walimkaa kooni. Mjerumani Michael Ende alipoona walivyomfanyia kitabu chake kiitwacho "Hadithi Isiyokwisha" kwenye filamu ya mwaka 1984, alitaka jina lake liondolewe, akaenda mahakamani, akashindwa.

Kwa hiyo mlango wa barua, wa machozi na wa mahakama yote imeshajaribiwa. Wa maiki kwenye kibanda umiza cha Mtwara ndiyo kwanza unafunguliwa na wewe.

Nachingwea Yetu, Jumatano, saa 1 asubuhi

Mnazungumza ukimya na mayowe, la msingi mmeliruka. Laki tatu na hakuna karatasi! Mwalimu umesomesha watoto wangapi kuandika barua rasmi?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakupa haki mbili tofauti. Moja ya pesa, unaweza kuiuza. Nyingine ni ya heshima: jina lako litajwe kwenye kazi, na upinge kazi yako ikiharibiwa kwa namna inayokushushia hadhi. Hukupaswa kukutana na wigi kwa mara ya kwanza jikoni, ulipaswa kuliona kwenye mswada. Huyo huyo Tolkien mnayemsifu aliliweka wazi: ama mnipe pesa ya kueleweka, ama mnipe kauli ya mwisho juu ya mabadiliko. Wewe umekosa vyote viwili.

Yule mzee wa Poland, Sapkowski, hadithi zake za mwinda mazimwi aliwauzia watengeneza gemu kwa pesa ya mkupuo, akijua haitauza. Ikauza dunia nzima. Mwaka 2018 mawakili wake wakadai zloti milioni 60, na 2019 wakaandikiana upya. Andikeni mapema, jamani.

Mpingo Mweusi, Jumatano, saa 6 mchana

Mimi mchongaji, vitabu si fani yangu, ila nimesoma uzi wote nikisubiri mteja na mteja hajaja.

Mwalimu, ukikata gogo la mpingo unakuta vitu viwili. Nje ganda jeupe, ndani moyo mweusi. Ganda lile si uchafu, ni mti ule ule, lakini nikitaka sanamu ya kudumu nalitoa, na silii. Sasa wewe umeleta mashtaka mawili ukayaweka kwenye sahani moja. Chunusi kuonekana, na majina kupotea. Hayalingani hata kidogo. Wigi ni ganda. Majina ndiyo moyo. Kama kijana kakutolea ganda akakuachia moyo, mpe mkono. Kama katoa moyo akabaki na ganda, mwambie, tena mwambie peke yake nyuma ya banda, hayo si ya maiki.

La pili, ndugu wa Ndanda nakukatalia kidogo. Umefanya kama kutisha lazima kitu kisionekane. Huku kwetu Umakondeni tuna mapiko. Lipiko linatoka mchana kweupe, lina sura, lina meno, lina nywele za kweli zimepachikwa, na watoto wanatimka mpaka kwa bibi zao. Linaonekana na linatisha. Kinachofichwa pale ni mtu. Hutakiwi kujua nani yumo ndani. Chunusi wa Mwalimu hakuharibika kwa kuonekana. Ameharibika kwa kuwa kila mtu wa Mtwara atamjua ni yule dereva wa boda anayepaki stendi.

Kuti Kavu, Jumatano, saa 6 mchana

Boda gani huyo, wa kijiwe cha Magomeni? Ananidai elfu mbili. Siendi tena.

Kijana wa Kilwa, Jumatano, saa 2 usiku

Shikamoo Mwalimu, shikamooni wakubwa wote.

Nilipokuwa nafanya kazi nyumba ya wageni Kilwa Masoko, mgeni mmoja aliacha kitabu cha Ursula Le Guin, kile cha mwaka 1968 cha mchawi wa visiwani. Kiingereza changu cha kuungaunga, kilinichukua miezi minne. Wakuu, nilijiona nyumbani. Dunia nzima ni visiwa, watu wanasafiri kwa mashua za tanga, kila kisiwa na mambo yake, kama mtu anatoka Kilwa Kisiwani anaenda Songo Mnara anavuka Mafia. Na shujaa wake, Ged, si mweupe. Ngozi yake ni ya wekundu wa shaba, rafiki yake mkubwa ni mweusi kabisa, weupe ni wavamizi wa mashariki. Le Guin alifanya hivyo makusudi, akiwa mama wa Kimarekani wa miaka ya sitini.

Mwaka 2004 televisheni ya huko ikaifanya filamu. Ged akawa kijana mweupe. Na utaratibu wa majina wakaupindua: kitabuni Ged ndilo jina lake la siri, analijua anayemwamini tu, kwa maana anayelijua jina lako la kweli anakushika. Kwenye filamu hilo la siri likawa la kuitwa na watu wote, na la kuitwa likawa siri. Le Guin aliandika makala hadharani, hakuuma maneno. Kuhusu ngozi alisema kwa kirefu, kwa kuwa hilo kwake lilikuwa moyo, kwa lugha ya mzee wa mpingo hapo juu.

Ila hiki ndicho nilichojia, Mwalimu, kinakuhusu. Mwaka 2006 Wajapani nao wakatoa yao, ya kuchorwa, ya Goro Miyazaki. Baba yake, Hayao, naye mtengeneza filamu, alishawahi kuomba kuzifanya hadithi hizo zamani, Le Guin akakataa kwa kuwa hamjui. Alipokuja kuzijua kazi zake akazipenda, akakubali, lakini kazi ikaangukia kwa mtoto. Wakamwonyesha. Walipomaliza, Goro akamuuliza, umeipenda? Akamjibu kwa adabu ya mgeni: si kitabu changu, ni filamu yako, ni filamu nzuri. Maneno matatu ya mlangoni. Goro akayaweka mtandaoni! Basi Le Guin ikabidi aandike jibu refu, akasema picha zimempendeza ila ukali umezidi, na uovu umerundikwa kwa mtu mmoja ili auawe kwa upanga mambo yaishe, wakati vitabu vyake vinasema giza lililo ndani ya mtu haliishi kwa upanga.

Kwa hiyo Jumamosi, chochote utakachosema kitakuwa stetasi kabla hujafika Mikindani.

Binti Mikindani (mleta mada), Jumatano, saa 4 usiku

Marahaba mwanangu. Hilo la stetasi limenipa homa.

Kabla hamjaniuliza: huyo mama Le Guin sijawahi kumsoma. Mambo ya majina nimeyatoa kwa bibi yangu, alikuwa hataki tuitane majina ufukweni baada ya magharibi. Tukawa tunaitana "wewe" mpaka tufike barazani.

Mpingo, umenichoma panapouma. Nimekaa nikijiuliza kwa nini nilianza na wigi badala ya majina. Nadhani ni kwa sababu wigi linachekesha, na ukichekesha watu wanakuwa upande wako. La majina linaniuma kweli, hilo sikuwa tayari kuchekwa. Na kuna jingine. Filamu hii mimi nilishaipiga miaka sita iliyopita, kichwani, usiku, watoto wakiwa wamelala. Somoe wangu ana kovu kidevuni ambalo hata kitabuni sikuliandika. Yule binti aliyecheza hana kovu. Nilikasirika dakika ya kwanza tu, kwa kovu ambalo hakuna binadamu mwingine analijua.

Msomaji wa Ndanda, Alhamisi, saa 2 asubuhi

Hilo la kovu ndilo jambo zito kuliko yote yaliyosemwa humu, na ndilo linalonifanya nimheshimu Diana Wynne Jones. Kitabu chake cha 1986, cha msichana anayegeuzwa bibi kizee na kasri linalotembea, Hayao Miyazaki alikifanya filamu mwaka 2004. Akakibadilisha vibaya sana. Kitabuni yule mchawi asili yake ni Wales, ana dada yake huko, kuna gari, kuna ulimwengu wetu huu. Kwenye filamu Wales yote imefutwa, badala yake kuna vita kubwa, ndege za mabomu. Mama yule akaipenda! Alisema Miyazaki alimwelewa. Lile la bibi kizee anayegundua kuwa uzee umempa ulimi asiokuwa nao akiwa msichana lilibaki zima, na kwa hilo Wales akaiachia iende.

Nampa pia George Martin nafasi, kwa upande wa pili. Septemba 2024 aliandika kwenye blogu yake akilalamikia tamthilia iliyotoka kwenye kitabu chake: wamemwondoa mtoto mmoja mdogo wa miaka miwili, mtoto ambaye karibu hasemi kitu. Hoja yake ilikuwa ukimtoa huyo leo, kuna kifo huko mbele kitakosa sababu, na mama mtu atakosa wa kumpoteza. Andiko halikukaa, likaondolewa mapema. Lakini hoja ina akili. Kwenye hadithi za maajabu kila kitu kimefungwa kamba na kingine.

Mwalimu, kaka yake Somoe kwenye filamu anaishia wapi? Kwa maana ukimtoa yule, mpangilio wako wote wa mbuzi, jirani, kaka, mama umekatika ngazi ya tatu.

Binti Mikindani (mleta mada), Alhamisi, saa 4 asubuhi

Nilijua mtu ataliona hilo. Yupo mpaka katikati, halafu haonekani tena. Hakuna anayemtaja. Kama alikwenda chooni hakurudi.

Kuti Kavu, Alhamisi, saa 4 asubuhi

Bongo muvi hiyo, mhusika akipotea ujue nauli imeisha.

KameraMoja, Alhamisi, saa 3 usiku

Shikamoo Mwalimu. Sikujua kama upo humu. Nimeletewa kiungo cha uzi na mtu aliyekuwa anacheka.

Sikuja kubishana. Nieleze tu ilivyokuwa, ili Jumamosi ukinisema unisemee yaliyo yangu.

Wigi ni la saluni ya dada yangu na lenzi tulinunua Kariakoo. Hilo ni kosa langu, nilidhani bila jini la kuonekana watu watadai kiingilio chao. Aliyecheza ni dereva wa boda kweli, na ndugu wa elfu mbili anakutafuta.

Mashua tuliikodi siku tatu. Ilikuwa mwezi wa saba, kusi linavuma huoni hata ng'ambo, kinasa sauti chetu ni kimoja na manyoya yake ya kuzuia upepo yaliliwa na panya. Yale ya majina tuliyapiga YOTE. Mbuzi, jirani, kaka. Nikarudi nyumbani nikasikiliza, ni vuuuu mwanzo mwisho, neno hulisikii. Kurudia ikashindikana, maana aliyecheza kaka wa Somoe baba yake alimwita Tandahimba akapulize salfa kwenye mikorosho, na salfa haisubiri filamu.

Lakini nikuambie ukweli, hata sauti ingekuwa safi nilikuwa na shida nayo. Mwalimu, kusahau hakuna picha. Wewe unaandika "alisahau", msomaji anaumia. Mimi nikimweka binti mbele ya kamera amesahau, na nikimweka amesimama tu, ni picha moja. Nilijaribu ashike kichwa. Akaonekana ana malaria.

Mzee wa Rondo, Alhamisi, saa 4 usiku

Vijana, nimewasikiliza toka juzi, niongeze dogo.

Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile mwaka 1969, habari ya vita vyetu vya Maji Maji. Kulikuwa na mtu wa kweli, Kinjikitile Ngwale, Wajerumani walimnyonga Agosti 1905. Hussein mwenyewe alitanguliza neno mwanzoni mwa kitabu kwamba wa kwake ni wa kubuni, wanafanana na yule wa historia ila si yule. Ina maana alichokifanya kijana kwa Mwalimu, Hussein alikifanya kwa wazee wa Umatumbi, na leo tunamsifu, na wazee wale hakuna aliyewashikisha maiki.

Na ndani ya tamthilia ile Kinjeketile anahangaika na jambo lile lile. Neno amelizaa yeye, limekua, limemzidi nguvu, watu wanalitumia asivyotaka na kulirudisha hawezi. Mwalimu, ulisomesha tamthilia hiyo, najua.

Binti Mikindani (mleta mada), Alhamisi, saa 5 usiku

Miaka kumi na moja nimeisomesha, mzee wangu. Na maswali ya mtihani nimeitungia.

KameraMoja, marahaba. Pole kwa kusi. Sikujua habari ya panya. Hilo la kusahau hakuna picha nimeliandika kwenye daftari. Bado naona Somoe anaagiza soda, lakini sasa naona na foleni ilivyokuwa.

Kibanda Chikongola, Ijumaa, saa 9 alasiri

Wakuu, mimi ndiye mwenye banda. Leo nimeijaribisha kwenye skrini kubwa na spika zangu, viti vitupu, mimi na mke wangu tu.

Kwanza niwaambie, watu wa vitabu mnadhani hadithi inageuzwa mara moja. Kwangu inageuzwa kila siku. Nina miaka mingi naonyesha muvi zilizotiwa sauti za watafsiri wetu. Zile za pete alizosema ndugu wa Ndanda, mtafsiri aliita pete hirizi, na wale wafupi akawapa majina ya huku mtaani. Watu walikaa saa tatu kwenye mabenchi ya mbao bila kwenda kukojoa. Huyo mzee Tolkien angezimia. Lakini kwamba hirizi ile inamla aliyeivaa, hilo hakuna aliyelikosa, hata wauza karanga.

Lililonileta ni hili. Mwalimu, sahani ya nne umeiona?

Binti Mikindani (mleta mada), Ijumaa, saa 9 alasiri

Sahani gani?

Kibanda Chikongola, Ijumaa, saa 10 alasiri

Nilijua. Kwenye simu haionekani, ni jioni na kiza kimeingia jikoni. Dakika ya 51. Mama yake Somoe anapakua ming'oko. Hakuna anayesema kitu, hata muziki hakuna. Anashusha sahani nne kichanjani. Anapakua moja, mbili, tatu. Watoto waliokaa ni watatu. Ya nne anabaki nayo mkononi. Anaigeuza. Anawaangalia wale watoto kama anawahesabu. Anaifuta kwa khanga, anairudisha kichanjani. Basi. Mke wangu alitoka nje.

Binti Mikindani (mleta mada), Ijumaa, saa 2 usiku

Nimeomba laptopu ya shule. Nimeirudia dakika ya 51 sijui mara ngapi.

KameraMoja, hiyo haimo kitabuni.

KameraMoja, Ijumaa, saa 2 usiku

Haimo, Mwalimu. Sauti ilipoharibika na kaka alipoondoka nilibaki na siku moja, jiko la mama yangu na sahani za mama yangu. Nikawaza, kama Somoe hawezi kuonekana amesahau, asahau mama. Mtu akishika chombo cha mtu asiyemkumbuka, hiyo ni picha. Nilidhani umeiona ukaichukia, ndiyo maana hukuitaja.

Mpingo Mweusi, Ijumaa, saa 3 usiku

Eeeh.

Binti Mikindani (mleta mada), Jumapili, saa 11 jioni

Haya, mrejesho.

Banda lilijaa mpaka dirishani, viti vya mbele watoto, jenereta inanguruma nyuma. Chunusi alipotokea na wigi lake watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika, dereva wa boda akasimama akapunga mkono. Na mimi nilicheka. Zile mara tatu za kuita bado hazinishawishi. Hilo nilimwambia kijana nyuma ya banda, kama mzee wa mpingo alivyoelekeza, kwamba mtu akiita jini lazima tuone kinachomtoka pale pale, hata kama ni tone moja la jasho. Alisikiliza. Alikuwa na kalamu, jambo ambalo kidato cha pili hakuwa nalo.

Dakika ya 51 sikuangalia skrini, niliangalia watu. Kelele zilipungua zenyewe. Bibi mmoja kando yangu akasema kwa sauti, "Huyo wa nne ni nani?" Hakuna aliyemjibu.

Wakuu, kwenye kitabu changu anayemwita chunusi ndiye anayelipa. Nilijivunia sana hilo, niliona ni haki. Kwa huyu mtoto, anayelipa ni aliyekaa jikoni, ambaye hakuita kitu chochote. Mimi nina watoto wanne, nimepakua sahani nne kila jioni kwa miaka yote niliyokuwa naandika kitabu kile, na sikuliona.

Maiki ilipofika nilisema, "Chunusi wangu mimi hana nywele." Wakacheka. Nikasema, "Lakini ile sahani ya nne nimeionea wivu." Nikakaa. Mtangazaji alitaka niendelee, nikakataa. Stetasi zote zimeweka la nywele tu.

Sasa nina ombi, naliweka hapa mbele ya mashahidi. Nataka kukichapisha upya kitabu mwakani. KameraMoja, naomba ruhusa ile sahani niiingize, sura ya tisa, baada ya kaka kusahauliwa.

KameraMoja, Jumapili, saa 11 jioni

Laki tatu, Mwalimu. Na safari hii tuandikiane.